Shangazi Akinyamaza

"Polepole," Fundi Sikio alisema, akainama. "Nenda kama umebeba ndoo ya maji kichwani."

Binti yake akaachia breki. Gari likajongea kuelekea kizingiti cha saruji pale langoni, na mzee akatembea nalo sambamba, mgongo umepinda, kiganja cha kushoto juu ya madigadi, sikio la kushoto limeelekezwa kwenye tairi. Gurudumu la mbele likapanda kizingiti, likashuka. La nyuma likapanda, likashuka.

"Umesikia, Baba?" binti akauliza, kichwa nje ya dirisha.

"Nimesikia. Shokomzoba za mbele zimekwisha, zote mbili. Mipira ya stabilaiza imekwisha. Na kule nyuma, bushi zimeliwa."

"Loo! Na hujashika hata spana!"

"Spana ya nini? Mgonjwa mwenyewe anasema."

Binti akacheka, akazima injini. Fundi Sikio akajinyoosha, akajifuta jasho. Mgonjwa hakuwa amesema kitu. Yaani kwake yeye. Gari lilikuwa limebweka na kugonga kiasi cha kuwafanya watoto wa jirani wageuke, lakini mzee hakusikia hata mkwaruzo. Aliyemwambia ni kiganja: pigo zito upande huu, pigo zito upande ule, na mtetemo wa nyuma uliokuja kwa kuchelewa.

Sasa, jina hilo la Sikio hakujipa mwenyewe. Alipewa na wenye magari, zamani, wakati nywele zake zilikuwa bado nyeusi. Mafundi wengine hupanda gari la mteja wakalizungusha mtaa mzima. Yeye hutembea kando yake, kizingiti kile kile, mara moja tu, na kabla mteja hajashuka ameshajua kama ni bushi iliyochoka au nati iliyolegea, kama mama anavyojua kilio cha njaa na kilio cha usingizi. Wakamsifu. Wakamletea magari kutoka mbali. Miaka arobaini akala, akasomesha na akajenga kwa sikio.

Kisha sikio likaanza kumtoroka. Lilianza na ndege, akadhani wamehama. Ikafuata filimbi ya birika. Sauti nyembamba zikaondoka moja moja bila kuaga, zikabaki nene: lori, ngurumo, mlango ukibamizwa. Maneno ya watu yakawa yanamfikia kama yametoka chini ya blanketi, mpaka aone midomo ndipo ayamalizie mwenyewe. Akajifunza kusimama mbele ya mtu, kamwe si ubavuni. Akajifunza kusema "ehe" mahali pake na kucheka wenzake wakicheka. Simu yake ndogo, ambayo kioo chake kilikufa siku nyingi, akaiacha iishi ndani ya sanduku la spana, ikilia au isilie, shauri yake.

Mwaka na ushee ulikuwa umepita hivyo, na hakuna aliyejua. Ndivyo alivyojiambia. Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa. Aliogopa asubuhi akiamka, aliogopa mteja akimwita kwa nyuma. Fundi Sikio asiyesikia ni nani? Ni mzee fulani mwenye sanduku la vyuma.

Gari lile lilikuwa na miaka kumi na tisa, na binti alikuwa mmiliki wake wa nne. Wote pale nyumbani waliliita Shangazi, kwa sababu halikupita shimo bila kulalamika. Kila asubuhi isipokuwa Jumapili, Shangazi alipanda hadi mabanda ya kuku juu ya kilima, akapakiwa trei za mayai, kisha akashuka kona saba mpaka mjini. Mama yake binti alikaa kiti cha mbele na trei tatu mapajani, maana kiti cha nyuma kilitikisa kupita kiasi. Na bado mayai yalifika yamepasuka. Mwenye tanuri la mikate, mteja mkubwa kuliko wote, alikuwa amemwambia binti kwa upole wa kutisha: "Mimi nilinunua mayai, mama. Sikununua uji."

"Niandikie vya lazima tu," binti akasema, ameegemea boneti. "Si vya kupendeza, Baba. Vya lazima. Unajua hali yangu."

Mzee akachana kipande cha boksi, akatoa penseli nyuma ya sikio. "Shokomzoba nunua mpya. Mtumba wa shokomzoba ni kununua uchovu wa mtu mwingine. Bushi mpya, hazina bei kubwa. Vyuma vya stabilaiza chukua mtumba, mpira wake ndio uwe mpya."

"Na boljoint? Dereva wa gari la mikate kaniambia nisizisahau boljoint."

"Nani?"

"Dereva wa mikate."

"Aka! Dereva wa mikate na ahangaike na mikate yake." Mzee akakunja kile kiboksi. "Boljoint nitazipima mwenyewe. Zikiwa nzima, unaacha. Hizo ni za kiwandani, mwanangu. Hizo zitatuzika sisi sote."

Binti akacheka tena, akaweka kiboksi ndani ya mkoba, akaenda zake dukani.

Jumamosi, Shangazi aliporudi kutoka mjini, mzee akaingia kazini. Uani, chini ya paa la mabati, akamnyanyua Shangazi kwa jeki, akamwekea magogo chini asije akamlalia, akavua magurudumu. Kazi ilimnyookea. Nati zenye kutu akazilowesha mafuta tangu usiku, zikafunguka bila matusi. Shokomzoba kuukuu zilipotoka alizibonyeza kwa mkono, zikashuka na kubaki huko huko chini, hazirudi. Akazitupa pembeni. Bushi za nyuma, vile vipira vya maungio, akazisukuma ndani kwa bomba na nyundo ya mpira, na boliti zake hakuzikaza kwanza. Hilo ndilo wengi hukosea: wanakaza gari likiwa limening'inia, likishushwa mpira unajisokota, miezi mitatu umechanika. Yeye alimshusha Shangazi kwa miguu yake minne, ndipo akajitosa chini na spana ndefu akakaza. Mgongo ukamlalamikia. Mgongo aliusikia vizuri sana.

Zikabaki boljoint.

Boljoint ni kifundo cha chuma si kikubwa kuliko yai, na ndicho kinachoshika gurudumu la mbele lisiage mwili wa gari. Kikichomoka, gurudumu linalala ubavu kama mguu uliovunjika, na usukani unabaki pambo mikononi mwa dereva. Kukipima, mafundi huwa wawili. Mmoja ananyanyua tairi kwa mtaimbo, mwingine anachungulia ndani kuona kama kuna kinachocheza. Fundi Sikio hakuwahi kuhitaji mwenzake. Kifundo kilichochoka hutoa mlio mdogo, tik, kama ukucha juu ya bilauri, na mlio huo alikuwa akiudaka hata mvua ikipiga mabati. Kizima hakisemi kitu. Kwa miaka arobaini, kimya kilikuwa habari njema.

Akanyanyua tena upande wa mbele kwa jeki. Akaingiza mtaimbo chini ya tairi la kulia, akasukuma juu.

Kimya.

Akasukuma tena. Kimya. Mtaimbo ulimwambia kitu kiganjani? Labda. Kitu kidogo mno. Akajiambia ni jeki inacheza. Akapiga magoti, akachungulia. Mpira unaofunika kifundo ulikuwa na ufa mwembamba, na grisi iliyovuja pale ilikuwa na rangi ya kutu. Akaifuta kwa kitambaa, haraka haraka, kama mtu anayefuta matone ya supu kabla mwenye nyumba hajatokea. Alijua anachofuta. Lakini duka lilikuwa limeshafungwa, binti alikuwa ameshamaliza alichokuwa nacho, na kimya ni kimya. Miezi miwili nyuma alipima hivi hivi kijigari cha buluu cha mwalimu wa jirani, akamwambia, "Nenda mwalimu, kimya kabisa." Na kabla ya mwalimu, pikapu ya muuza mbao. Na kabla ya huyo, wengine.

Alipogeuka alimkuta mkewe amesimama nyuma yake na kikombe cha chai.

"Umefika saa ngapi?"

"Sasa hivi."

Mkewe alimwangalia kitambo kidogo, kisha akaliangalia lile tairi. Alionekana kama mtu anayetaka kusema neno, akalimeza.

"Chai yako, baba watoto," akasema, na akaenda.

Jumatatu asubuhi Shangazi alipita kizingiti cha lango mara tatu, mbele, nyuma, mbele tena, maana binti hakuamini. Alishuka akapiga makofi. "Baba! Kama nimekalia godoro! Shangazi amenyamaza!"

"Shangazi akinyamaza," mkewe akasema, akijifunga leso kiunoni, "ujue ana jambo."

Binti akacheka mpaka akashika mlango. Fundi Sikio naye akacheka, kwa kuwa aliona wenzake wanacheka. Furaha aliyokuwa nayo asubuhi ile haikuwa ndogo. Mtoto anapokupigia makofi na wewe umeshazeeka, unaweza kusahau mengi.

"Kwa hiyo boljoint?" binti akauliza, ameshika funguo.

Hapo ndipo palikuwa mahali pake. Alikuja kupakumbuka baadaye hatua kwa hatua, kama mtu anayetafuta alipodondosha pete. Angeweza kusema, mwanangu, ngoja nikupimie tena. Angeweza kumwita mkewe achungulie. Badala yake akainua kidole gumba.

"Kimya," akasema.

Mkewe akaingia, trei tupu mapajani. Binti akawasha injini, akarudi nyuma, akakata usukani wote kutoka langoni, na magurudumu ya mbele yakapinda yakiwa na uzito wote juu yake. Kioo cha mbele kikawa kimemwelekea yeye. Fundi Sikio alikuwa amesimama pale pale, kitambaa mkononi, macho yamezoea kwenda kwenye midomo ya watu hata asipoyatuma.

Mkewe akamgeukia binti. Midomo yake ikasema: "Mbona bado inalia?"

Na ya binti, upande wa pili, ikitabasamu: "Aa, Mama. Kama Baba kasema kimya, ni kimya."

Gari likaondoka. Vumbi likainuka, likatua. Mzee akabaki na kitambaa chake. Akajiambia ni injini tu, akapanga spana zake, akazipanga upya, mpaka nusu saa ikapita.

Akaenda pale Shangazi alipolala usiku. Kwenye saruji, mahali pa gurudumu la mbele la kulia, palikuwa na tone moja la grisi. Akaligusa kwa kidole, akalisugua. Lilikuwa na chenga. Grisi yenye chenga ni chuma kinachojitafuna, fundi wa siku mbili anajua hilo. Hizo zitatuzika sisi sote. Maneno yake mwenyewe, na mtoto wake alikuwa amecheka.

"Ee Mungu," akasema. Aliisikia sauti yake ndani ya fuvu, si masikioni.

Akafikiri upesi. Mabandani, kupakia trei: robo saa, nusu saa wakipiga soga na mwenye kuku. Kwa hiyo sasa hivi wanaanza kushuka kona. Kona ya kwanza na ya pili hazina mteremko mkali. Kona ya tatu ndiyo yenye korongo, na hapo dereva hukata usukani wote huku uzito wa gari umelala mbele. Kuna njia ya miguu inayokata kilima hadi karibu na pale. Kijana anaishuka kwa dakika kumi. Yeye hakuwa kijana.

Akafungua sanduku la spana, akatoa simu. Kioo kilikuwa cheusi, hakionyeshi kitu, lakini namba ya mkewe vidole viliijua. Akabonyeza, akaibandika sikioni.

Alisikia mvumo. Kama mtu anayekaanga kitu nyumba ya tatu. Je, ndiyo inaita? Je, imepokelewa, mkewe anasema haloo, haloo? Au haijaunganishwa kabisa? Hakuwa na njia ya kujua.

"Mama watoto," akasema. "Mama watoto, simamisheni gari."

Mvumo.

"Simamisheni gari! Boljoint ya kulia imekwisha. Nasema simamisheni!"

Akauchukua mtaimbo uliokuwa umeegemea ukuta, sijui kwa fimbo, sijui kwa nini, akatoka langoni simu sikioni. Jirani mmoja akamwinulia mkono na kusema neno. Akampita bila salamu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe.

Njia ya miguu ilikuwa na changarawe, inateleza. Alishuka ubavu ubavu, mtaimbo ukichimba, na aliendelea kusema, maana kunyamaza kulimtisha zaidi. Kama simu ilikuwa imekufa alikuwa anaongea na majani. Na iwe.

"Sikusikia," akasema. "Unanielewa? Sikusikia kitu. Nilipopima Jumamosi sikusikia, na nikasema kimya. Mimi sisikii. Tangu mwaka jana sisikii. Ndege sisikii. Birika sisikii. Wewe ukinisemesha jikoni nakudanganya, naitikia tu. Nimekuwa nikiwadanganya wote."

Mvumo ukapanda, ukashuka. Pengine ulikuwa upepo.

"Niliona grisi ya kutu nikaifuta. Nilikuwa naona haya. Mtoto ananiambia, hujashika hata spana, na mimi nikavimba kichwa kama kijana. Mwambie mtoto asikate kona. Mwambie asimame hata katikati ya barabara. Mwambie ni mimi nimekosa."

Akateleza, akakaa chini kwa kishindo, simu ikamtoka. Akaitafuta kwa mikono miwili kwenye nyasi, akaipata. Akabonyeza namba upya, maana hakujua kama imekatika. Mvumo ule ule. Akaanza kueleza yote tangu mwanzo: sisikii, sikusikia, simamisheni gari.

Palikuwa na mwanya ambapo barabara ilionekana chini. Aliiona kona ya pili, tupu. Alikiona kipande kifupi cha kuelekea ya tatu, kabla miti haijaifunika barabara, tupu vilevile, na kingo za mawe zilizobomoka mahali fulani siku nyingi bila mtu kuzijenga. Alitazama pale palipobomoka muda mrefu, kutafuta alama mpya. Hakuona alama. Lakini macho yake nayo yalikuwa ya mzee.

Alipotokeza barabarani pumzi zilikuwa zimemwishia. Akageukia juu, alikotoka mteremko, na ndipo akamwona Shangazi.

Alikuwa amesimama pembeni, hatua hamsini kabla ya kona ya tatu, jiwe limewekwa nyuma na jingine mbele ya tairi. Trei za mayai zilikuwa zimepangwa chini kwenye nyasi. Binti alikuwa amesimama mikono kichwani. Na mkewe alikuwa amekaa juu ya ukingo wa mawe, simu sikioni, anamtazama yeye akija na simu yake sikioni.

Midomo yake ilikuwa inasema, polepole, kama anavyosema mtu aliyekwisha rudia neno mara mia: "Tumesimama. Tumesimama. Tumesimama."

Fundi Sikio akaishusha simu. Akaegemea mtaimbo.

"Umepokea tangu lini?"

"Tangu mwanzo," mkewe akasema. Alikuwa amegeuza uso wake wote kwake, midomo wazi kwenye mwanga, na mzee akang'amua kwamba ndivyo mke huyu alivyokuwa akiongea naye miezi na miezi: mbele yake, uso wazi, bila kuambiwa na mtu. "Nilipokea tangu mwanzo. Nikakujibu njia nzima."

"Ulikuwa unajua."

"Mtu analala na wewe miaka thelathini na nne, asijue?" Akafuta pua na pembe ya leso. "Jumamosi nilikuwa nyuma yako. Tairi lililia tik. Nikakwambia, baba watoto, hicho kinacholia ni nini. Hukugeuka. Nikaona haya kukuuliza mara ya pili. Nikasema moyoni, fundi ni yeye." Akatazama chini. "Tulikuwa wawili, usijibebeshe peke yako."

Binti akaja mbele ya baba yake. Alikuwa amelia, na sasa alikuwa na hasira, na hasira ilikuwa haijui ianzie wapi. "Mwaka mzima, Baba? Mwaka mzima?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Nimembeba Mama humu kila siku!"

"Ndiyo."

Akaenda kwenye buti, akatoa jeki, akapiga magoti kwenye lami iliyoanza kupata moto, akanyanyua upande wa kulia. Gurudumu likaachana na ardhi. Kwa macho lilikuwa limesimama sawasawa, halina kosa. Akaingiza mtaimbo chini yake, kisha akamtazama mkewe.

"Ukisikia, inua kidole," akasema. "Usinionee haya."

Akasukuma. Kidole cha mkewe kikainuka.

Akasukuma tena, taratibu. Kikainuka. Mara ya tatu alisukuma kidogo tu, kama anayemwamsha mtoto, na vidole vilivyoinuka vilikuwa viwili, cha mkewe na cha binti, ambaye alikuwa ameweka kiganja kingine mdomoni. Sasa mzee aliinama hadi shavu likagusa lami, akachungulia huku anasukuma, na akaona: kifundo kilikuwa kinapanda na kushuka ndani ya kikombe chake kwa upana wa kidole. Kona moja. Kwa uzito ule, labda isingefika nusu ya kona.

Alibaki amelala vile. Alitaka kulia na hakuona aibu ya kutaka.

Mkono wa binti ulioshika bega lake ndio uliomwinua. Binti alikuwa anasema kitu, na alilazimika kukisema mara mbili ndipo mzee akausoma mdomo vizuri.

"Na wengine, Baba? Wale wengine uliowapimia?"

Fundi Sikio akafungua mdomo, akaanza kuhesabu kwa vidole, pikapu ya muuza mbao, lile gari la mkunga, na vidole vya mkono mmoja vikaisha. Mkewe akageuza kichwa ghafla kutazama juu ya barabara. Yeye akafuata macho yake.

Kijigari cha buluu kilikuwa kinashuka kutoka kona ya pili. Mwalimu alikuwa kwenye usukani, na nyuma yake vichwa vya watoto wawili au watatu vikirukaruka.

Mzee akaruka katikati ya barabara, mikono miwili juu, mtaimbo mkononi. "Simama! Mwalimu, simama! Simama!" Alipiga kelele mpaka koo likauma, na mwenyewe alisikia mnong'ono.

Mwalimu alimwona. Akatabasamu. Akapunguza mwendo kidogo kumkwepa mzee na gari lililoinuliwa kwa jeki, fundi yuko kazini, si mambo ya ajabu, akatoa mkono dirishani akampungia kwa furaha, kama watu wanavyompungia mtu waliyemwamini. Watoto nao wakapunga. Gari likampita, likaendelea, taa zake za breki zikawaka mara moja, likaingia kona ya tatu, likapotea nyuma ya mawe.

Binti alikuwa ameshaanza kukimbia kulifuata, viatu mkononi.

Fundi Sikio hakusikia kitu. Hakuna injini, hakuna breki, hakuna watoto. Mkewe alikuwa amesimama, ameuelekeza uso kwenye kona ile, anasikiliza. Mzee akamkazia macho usoni, akasubiri.